Bukuru na Butoyi wa Mama Wawili

Vijana, mnanichosha. Nimeacha kazi ya kuzalisha, nimekaa kwangu, miguu iko ndani ya beseni la maji ya moto, na bado mnanifuata na majina. Juzi mke wa mjukuu wangu alijifungua mtoto wa kiume hapa hapa Uvira. Mtoto mzito, mwenye nywele za kutosha watoto wawili. Nikauliza jina. Mjukuu wangu akatoa simu mfukoni kama mtu anayetafuta bei ya sukari.

“Anaitwa Zeridani, koko,” akaniambia mimi bibi yake.

“Maana yake nini?”

“Iko jina ya muzuri tu.”

“Nimeuliza maana. Sikuuliza kama ni zuri.”

Akapekua simu, akapekua tena, akainua mkono juu kuelekea dirishani. Mwishowe akaniambia nisubiri, rezo ya simu imekatika, maana itakuja rezo ikirudi.

Basi na ninyi sikilizeni wakati rezo haijarudi. Sisi tuliozalisha watoto wakati wa vita tulikuwa na taabu nyingine kabisa. Majina ya wakati ule hayakukosa maana. Yalikuwa na maana mpaka yanauma. Baba alikuwa hampi mtoto jina, alikuwa anampa malalamiko yake ayabebe, na mtoto mwenyewe bado hajaweza kubeba shingo yake.

Maternite yetu ilikuwa ndogo, upande wa ziwa, na mabati yake yalikuwa na matundu ya risasi, kwa hiyo mvua ikinyesha tulisukuma vitanda huku na huku tukitafuta pakavu. Walikuja wanawake wa mjini, wa vijiji vya wavuvi, Warundi wa bonde la Ruzizi, watu wa ng'ombe kutoka juu milimani. Wanawake hawakunisumbua. Mwanamke mwenye uchungu anajua anachotaka. Waliosumbua ni waume wao, waliokaa uani bila kazi, wakiwaza majina.

Mmoja alitaka mwanawe aitwe Shitingi, kwa sababu mkewe alishikwa na uchungu chini ya ile plastiki wanayopewa wakimbizi. Nikamwambia, “Baba, plastiki inapasuka mvua ikipiga mara mbili. Unataka mtoto apasuke?” Akafikiri, akaongeza jina la mtakatifu mbele yake, akaona amenitendea wema. Shitingi lilibaki. Leo ni fundi cherehani, ana tumbo la kuheshimika, na hakuna mteja anayemjua yule mtakatifu.

Mwingine alitaka Kalashi, jina la bunduki. Alisema siku hizi hakuna kinachoheshimiwa isipokuwa hiyo. Mke wake alikuwa amelala ubavu, nikidhani amesinzia. Akasema bila kufungua macho, “Minye nimezaa mutu. Sikuzaa chuma.” Mtoto akaitwa Amani. Mwaka ule Amani walizaliwa wengi sana, na amani yenyewe hatukuiona.

Warundi wa bondeni ndio walionimaliza kabisa. Wao wana majina ya hesabu: mtoto wa saba ni Nyandwi, wa nane ni Minani, wa tisa ni Nyabenda. Ungesema hapo hakuna ugomvi, hesabu ni hesabu. Niliwahi kuona mume na mke wakikataana kitandani, mume anasema huyu ni Minani, mke anasema ni Nyabenda. Nikadhani mmoja wao hajui kuhesabu. Kumbe kuna mtoto mmoja aliyekufa njiani walipokuwa wanakimbia, na baba hakutaka kumtaja, na mama hakutaka kumruka. Nilimwambia yule baba atoke nje akavute hewa. Mtoto akaitwa Nyabenda.

Halafu wana majina ambayo ni sentensi nzima. Ntahombaye, maana yake sina mahali ninapoishi. Sinzumunsi, siijui siku, yaani siku ya kufa. Ntirandekura, bado hakijaniachia, na kisichoachia ni kifo chenyewe. Mtoto ana saa moja duniani, kichwa bado kimechongoka kwa safari, na tayari ameambiwa kifo kimemshika mguu.

Aliyenifundisha kazi, Mama Rejina, alikuwa na dawa yake. Mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana, sauti kama ya mtu anayeita mtumbwi. Aliniambia, “Baba asiulizwe jina akiingia. Akiingia ana vita kichwani. Mupe mutoto amubebe. Amubebe mpaka mutoto amukojolee. Ndiyo umuulize.” Mimi nikacheka, nikadhani ni mzaha. Si mzaha. Fanyeni hivyo. Mwanaume aliyekojolewa na mwanawe analainika, na jina analotoa wakati ule mtu anaweza kuishi nalo.

Lakini dawa ya Mama Rejina haikumfaa Melkiori wa Runingu.

Melkiori alikuwa mkulima, mwembamba, Mkatoliki wa rozari shingoni, na alikuwa na kinyongo kama wengine wanavyokuwa na kikohozi, hakimwachi. Nilimjua alipozaliwa mtoto wake wa kwanza, kabla ya vita. Nilimpa mtoto, akambeba, akakojolewa vizuri kabisa, nikauliza jina. Akasema, “Baranyanka.”

Kirundi changu wakati ule kilikuwa cha sokoni. Nilijua inka ni ng'ombe. Nikasikia nyanka, nikafurahi, nikapiga makofi. “Jina zuri! Utakuwa na ng'ombe wengi!”

Akakunja uso. “Mama, hapana ng'ombe humu ndani. Iko batu. Batu bananichukia.”

Ndiyo maana ya Baranyanka: wananichukia. Na waliomchukia, kwa maoni yake, ni watu wa ng'ombe, kwa sababu kiangazi walikuwa wanateremsha mifugo bondeni, na mifugo ilipita katika maharage yake. Yaani mimi nilikuwa nimemtakia baraka ya wale wale ng'ombe waliokula shamba lake. Mama Rejina alicheka mpaka akashika ukuta.

Sasa vita. Sitawaeleza nani alikuwa anapigana na nani, kwa sababu kila kilima kina hesabu yake na mimi sitaki wageni wenye hasira mlangoni kwangu. Niseme tu kwamba mwaka ule ilikuwa zamu ya watu wa milimani kutafutwa. Kulikuwa na zamu za wengine, kabla na baada. Mama Rejina alikuwa amekwisha vuka kwenda Burundi kwa binti yake, na mimi nilibaki na maternite, sabuni kidogo na nyembe za kuchemsha.

Asubuhi moja wanaume wanne waliteremka kutoka Rurambo na mwanamke ndani ya ngobyi, kile kitanda cha kamba cha kubebea wagonjwa mabegani. Mwanamke aliitwa Raheli. Mume wake alikuwa mmoja wa wabebaji, mrefu, mwenye koti refu hata kwenye jua, aliitwa Rubeni. Mtoto alikuwa amekaa vibaya na njia ilikuwa imemchosha mama. Sitawaelezea kazi yote. Alizaliwa mvulana mkubwa, mashavu yamejaa, analia kama mwenye haki yake. Nikampa Rubeni ambebe. Nikauliza jina, na yeye akanijibu kwa adabu kwamba kwao mtoto hupewa jina baada ya wiki, baba akiwa amekaa nyumbani, si barabarani. Nikamshukuru Mungu. Nikasema, hatimaye mwanaume mwenye akili.

Siku ya pili yake akafika Melkiori, anasukuma kinga, yaani baiskeli, mkewe Spesiyoza amekaa nyuma ameshika tumbo. Bondeni risasi zilikuwa zimeanza. Melkiori akaegemeza kinga ukutani, akageuka, akamwona Rubeni uani akichemsha maziwa.

“Weye!” akasema.

“Minye,” akasema Rubeni.

Na hapo ndipo nilipojua kwamba katika watu wote wa ng'ombe wa milima ile yote, mwenye ng'ombe waliokula maharage ya Melkiori alikuwa huyu huyu. Walianza saa ile ile. Maharage, ng'ombe, nani alihamisha mpaka, nani alimpiga ndama jiwe. Mizinga inasikika upande wa bonde na wao wanazungumza habari ya ndama. Nilitoka na ndoo ya maji machafu nikawaambia yeyote atakayeendelea nitammwagia. Wakahamia pembe nyingine ya uwanja, wakaendelea kwa sauti ya chini.

Ndani, wake zao walikuwa kwenye vitanda viwili vilivyogusana. Raheli alikuwa anamkanda mgongo Spesiyoza. Spesiyoza, kati ya uchungu mmoja na mwingine, aliuliza, “Bwana yangu anasema nini huko nje?”

“Maharage,” akasema Raheli.

“Bado?”

Mchana ule zikaja habari kwamba milimani nako kumechafuka. Rubeni alikuwa ameacha mama yake mzee na watoto huko Rurambo. Akambeba mtoto, akamtazama sana, akamrudisha mikononi mwa Raheli. “Nitampa jina nikirudi,” akasema. Akapanda na wenzake watatu, na baada ya hapo njia ikafungwa.

Kesho yake asubuhi Spesiyoza akajifungua. Mvulana pia, mdogo, mkavu, mwenye makunyanzi kama mzee anayedai kitu, baba yake mtupu. Nikampa Melkiori. Nikasubiri. Mtoto akakojoa. Nikauliza.

“Nzikobanyanka,” akasema.

Safari hii nilikuwa nimejifunza. Maana yake: najua kwamba wananichukia.

“Melkiori,” nikamwambia, “hii umekwisha isema. Wa kwanza ni wananichukia. Wa pili ni najua wananichukia. Wa tatu atakuwa nani, nimekwisha waambia mara mbili?”

“Jina ni la baba kutoa,” akasema.

“Na kulibeba ni la nani?”

Akachukua kikombe. Alitoka kwenda kutafuta uji kwa ajili ya mkewe. Nilikuwa na hasira hata nikafunga kitovu cha yule mtoto mara mbili.

Alipokuwa ameenda, wakaingia mtaani watu wenye bunduki. Walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza majina, kwa sababu jina lilikuwa linatosha kumtambua mtu wa milimani. Jina la baba, jina la kilima, namna ya kutamka neno moja, ilitosha. Nilisikia wanagonga lango la lupango, ua wa jirani. Nikamtazama Raheli, naye alinitazama.

Nikavua blauzi yangu ya kazi nikamvalisha juu ya kikwembe chake cha kitenge. Nikamfunga kitambaa changu kichwani. Nikamwekea ndoo mkononi na fagio la kusugulia, mwanamke aliyejifungua juzi. “Sugua,” nikamwambia, “na usiseme kitu.” Kiswahili chake kilikuwa cha milimani, kingemtoa mara moja.

Lakini mtoto? Mtoto mkubwa vile huwezi kumficha kwenye kabati la nyembe. Alikuwa anaanza kulia. Spesiyoza akanyoosha mkono.

“Mulete hapa.”

“Spesiyoza...”

“Nimesema mulete.”

Akafungua kifua, akaweka wake huku, akaweka wa Raheli huku, akavuta kikwembe juu ya matumbo yao. Nilishukuru kwa kile kikwembe. Kitovu cha mtoto wa siku hiyo kina rangi na unyevu, kinang'aa. Cha mtoto aliyezaliwa juzi kimeanza kukauka na kuwa cheusi. Mzalishaji anaona tofauti akiwa mlangoni, na mwanaume aliyewahi kuwa na watoto anaweza kuiona pia.

Waliingia watatu. Mkubwa wao alikuwa na ndevu chache na macho mekundu ya kukosa usingizi. Akaangalia vitanda. Akamwangalia Raheli amepiga magoti anasugua sakafu, akamruka. Akasimama mbele ya Spesiyoza.

“Batoto ni ba nani?”

“Bangu,” akasema Spesiyoza.

“Bote?”

Kabla hajajibu, Melkiori akaingia na kikombe cha uji mikononi.

Ninyi vijana mnapenda kuniuliza kama niliogopa vita. Niliogopa dakika ile. Yule mtu alikuwa na kinyongo ambacho alikuwa amekiandika kwenye mtoto wake wa kwanza na wa pili. Adui yake hayupo, mke wa adui yuko magotini, mtoto wa adui yuko kwenye ziwa la mke wake mwenyewe. Hakuhitaji kutukana wala kunyoosha kidole. Alihitaji tu kuonekana ameshangaa.

Yule mkubwa akamgeuzia bunduki kifuani. “Weye ni nani?”

“Baba wa batoto.”

“Banaitwa nani?”

Melkiori akaangalia kitanda. Akaona kichwa kidogo kilichokunjamana na kichwa kikubwa chenye mashavu. Uji ulikuwa unamwagika kidogo kidogo juu ya vidole vyake na ulikuwa wa moto, na hakusogeza mkono.

“Iko mapasa,” akasema. “Uyu ni Bukuru. Ule ni Butoyi.”

Kwa Warundi majina ya mapacha hayachaguliwi. Wa kwanza kutoka ni Bukuru, mkubwa. Wa pili ni Butoyi, mdogo. Hakuna baba anayekaa kufikiri, kwa hiyo hakuna anayeshangaa baba akijibu haraka. Ilikuwa akili kubwa sana na sijui aliitoa wapi. Lakini sikilizeni ubishi wa mwanaume. Bunduki iko kifuani, na bado alihakikisha wake ndiye mkubwa.

Yule mtu akainama akataka sababu. “Juu ya nini mudogo amemupita mukubwa?”

Kwa kweli mtoto wa Raheli alikuwa karibu mara moja na nusu ya mwenzake. Hapo nikaingia mimi, na hasira yangu yote ilinisaidia. “Weye umewahi kuzaa? Mapasa ni hivyo. Mumoja anakula sehemu ya mwenzake ndani ya tumbo. Ukitaka kujua zaidi vua hiyo bunduki ushike beseni, kazi iko mingi.”

Mmoja wa wenzake akacheka. Mkubwa hakucheka, ila alirudi nyuma hatua moja. Watu wetu wana heshima na mapacha, kidogo na woga. Hupiti mbele yao mikono mitupu, na ukimpa mmoja lazima umpe na mwingine. Akapapasa mfuko, akatoa biskuti ngumu za kijeshi, akaweka moja upande huu wa kitanda na moja upande ule. Akazitazama kama zimelingana. Wakatoka.

Raheli aliendelea kusugua pale pale mahali pamoja mpaka nikamshika mkono. Melkiori alikaa chini sakafuni kwenye maji, akampa mkewe uji uliobaki, akasema kwa sauti ya kulalamika, “Nimeungua.”

Hawakuweza kubaki. Walivuka Ruzizi kwenda Burundi pamoja, Melkiori anasukuma kinga, Baranyanka, waliyempitia kwa majirani, amekaa mbele, wanawake wawili wanatembea, kila mmoja na mtoto mgongoni. Kila barieri ya barabarani walisema mapasa, Bukuru na Butoyi, huyu ni shemeji anatusaidia kubeba. Hadithi hii nilisimuliwa na Spesiyoza. Alisema kwenye barieri ya mwisho Melkiori mwenyewe alikuwa amekwisha kuamini.

Rubeni aliwapata kambini baadaye. Mama yake alikuwa amekufa njiani, ng'ombe wote wamekwenda, watoto walikuwa salama kwa shangazi yao. Alifika akiwa na koti lile lile. Raheli aliniambia kwamba aliingia chini ya plastiki ya Melkiori, akapiga magoti, akashika miguu ya yule mwanaume, akalia, na Melkiori naye akalia, na watu wa plastiki za jirani wakaja kutazama. Ingekuwa heri hadithi iishie hapo.

Kesho yake asubuhi Rubeni aliuliza, “Lakini juu ya nini wangu awe Butoyi?”

“Nini?”

“Wangu alizaliwa mbele. Siku mbili mbele. Wangu ndiye Bukuru.”

“Bunduki ilikuwa kwenye kifua yangu,” akasema Melkiori, “haikuwa kwenye yako.”

Na wakaendelea hivyo miaka yote. Nawaambia kweli, miaka yote! Vita ikatulia, ikarudi, ikatulia. Melkiori akarudi Runingu, Rubeni akapata ng'ombe wachache akarudi Rurambo. Kiangazi kikifika anateremsha ng'ombe, na Melkiori anamwachia sehemu ya shamba iliyokwisha vunwa wale mabua, na jioni wanakaa na kubishana nani mkubwa. Rubeni alikuwa amechagua jina lake tangu zamani: Mvuyekure, nimetoka mbali. Jina zuri sana. Alijaribu kumwita mtoto hivyo zizini. Mtoto hakugeuka hata shingo. Akamwambia Raheli libadilishwe kanisani kwao, kwa pasta. Raheli akasema, “Jina lililomupitisha kwenye barieri minye sitaliondoa. Ukitaka Mvuyekure, tuzae mwingine.”

Wakazaa mwingine. Sasa, kwa desturi za Warundi, mtoto anayefuata mapacha anaitwa Ciza, na Rubeni akaliacha Mvuyekure akalitaka hilo. Na Spesiyoza naye alikuwa amezaa, karibu wakati ule ule. Melkiori akapanda mlima mzima kwa miguu kwenda kumweleza Rubeni kwamba Ciza ni mmoja tu, na ni wa kwake, kwa sababu ndiye mwenye Bukuru. Rubeni akateremka mlima mzima kuniuliza mimi. Wakanikuta wote wawili nyumbani kwangu, nikiwa napika sombe.

“Mama, weye ulikuwapo. Sema kweli. Nani alizaliwa mbele?”

“Mnajua wote nani alizaliwa mbele.”

“Anajua, lakini hasemi,” akasema Rubeni.

“Bukuru ni ule aliyeitwa Bukuru,” akasema Melkiori.

“Watu wa Runingu wanamwita huyu Baba Mapasa,” akasema Rubeni. “Na mimi Rurambo wananiita Baba Mapasa. Nina Butoyi tu! Wananiuliza mwingine yuko wapi.”

“Na wewe unawajibu nini?” nikamuuliza.

Akatazama chini. “Nawaambia yuko Runingu.”

Niliwafukuza. Niliwaambia kila mmoja aite wake Ciza na waondoke jikoni kwangu. Kwa hiyo leo kuna Ciza wawili, wa mapacha ambao hawakuwahi kuwa mapacha, na yeyote anayetaka kupanga majina ya koo hizo mbili atatafuta panadoli.

Wavulana wenyewe hawakubishana kamwe. Bukuru alibaki mdogo wa umbo, akawa fundi wa mashine za kusaga. Butoyi akawa mrefu kama baba yake, mwalimu wa shule ya msingi. Wakiwa pamoja watu wanacheka, mfupi anamwita mrefu “mdogo wangu”. Kila Noeli Butoyi alishuka kwa Spesiyoza na maziwa, ingawa kanisa lao ni tofauti, na alimwita mama bila kuongeza neno.

Melkiori alikufa kwa maradhi ya ini. Nilikwenda Runingu kumzika, kwa pikipiki, mifupa yangu yote ikilalamika. Watu walikuwa wengi. Katekista alisimama karibu na kaburi akiita wana watupe udongo, kwanza wa kiume, kutoka mkubwa kwenda chini. Akamwita Baranyanka, ambaye kwa jina lile amekuwa mtu anayependwa kuliko wote kijijini, ndivyo dunia ilivyo. Akamwita Bukuru. Bukuru akatupa udongo wake, akarudi nyuma. Kisha katekista akamwita Ciza.

“Subiri,” sauti ikasema.

Ilikuwa ya Rubeni. Alikuwa ameteremka kutoka Rurambo kwa miguu, na fimbo, na koti, mzee kabisa sasa. Alikuwa amemshika Butoyi kiwiko.

“Iko mumoja umemuruka,” akamwambia katekista.

Katekista alikuwa mgeni pale, hakujua habari zetu. Akamtazama yule mwanaume mrefu wa milimani. “Huyu ni nani kwa marehemu?”

Rubeni akasogea mbele na fimbo yake. Nilimjua. Nilijua neno lililokuwa limemkaa kooni tangu kambini, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kulitoa kinywani mwake, wala mimi, wala mke wake, wala pasta.

“Uyu ni Butoyi,” akasema. “Anamufuata Bukuru. Iko mudogo yake.”

Akamsukuma mwanawe taratibu mbele. Butoyi akainama, akachota udongo. Spesiyoza akaanza kulia kwa sauti, na Raheli akamshika.

Na mimi, vijana, nilisimama pale na viatu vyangu vya Jumapili kwenye tope, na nilikuwa na hasira. Ningeweza kumpiga Rubeni kwa fimbo yake mwenyewe. Melkiori alikuwa amelisubiri neno lile maisha yake yote, na huyu mpumbavu alingoja mpaka tumemfunika nusu.